Ukali Si Nguvu: Ijue Asidi ya Jikoni, ya Gereji na ya Shambani

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lililobebeshwa kazi nyingi kupita kiasi, nalo ni neno "kali". Kisu ni kikali, jua ni kali, mbwa ni mkali, mwalimu wa zamu ni mkali, na limau nalo ni kali. Ndugu msomaji, neno hilo halina kosa lolote maadam linabaki sokoni na barazani. Lakini likiingia katika habari za asidi, ambayo wengine huiita tindikali, huleta mkanganyiko ambao gharama yake yaweza kuwa jicho la mtoto au miguu ya mama wa nyumba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayerudi nyumbani Mwisenge au Nyamatare, mjini Musoma, huja na daftari la Kemia lililoandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari zetu. Ndani ya daftari hilo asidi zimepangwa safu mbili. Safu ya kwanza ni ya asidi zenye nguvu: ya haidrokloriki, ya nitriki na ya salfuriki. Safu ya pili ni ya asidi dhaifu: ya asetiki iliyomo katika siki, ya sitriki iliyomo katika limau, ya laktiki iliyomo katika maziwa ya mgando, na nyinginezo. Mzazi akiulizwa maana ya mpango huo, jibu linalomjia upesi ni kwamba asidi yenye nguvu huunguza, na asidi dhaifu haiunguzi. Jibu hilo linaingia akilini, lakini si kweli. Hata mwanafunzi mwenyewe, baada ya kufaulu mtihani, aghalabu hubaki na imani hiyo hiyo.

Hebu kwanza tutazame asidi zinakopatikana katika maisha ya watu wa mkoa wa Mara. Huna haja ya kwenda maabara. Ukinunua sato au sangara Musoma, utamkamulia limau kabla ya kumtia katika mafuta. Mama zetu walijua siku nyingi kwamba limau huondoa shombo, na Kemia inakubaliana nao. Shombo hutokana na vitu viitwavyo amini, ambavyo ni besi, yaani kinyume cha asidi. Amini huruka hewani na kuingia puani. Zikikutana na asidi ya limau hugeuka kuwa chumvi yenye chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakiruki kutoka majini. Hubaki pale pale kwenye samaki, na pua yako haipati habari zake. Liweke akilini jambo hili dogo la kuruka na kutoruka, kwa sababu tutalihitaji tutakapofika kwenye muhogo.

Ukiingia upande wa Butiama, kwenye maboma ya ng'ombe, utakuta kibuyu cha maziwa ya mgando. Maziwa mabichi karibu si asidi kabisa. Kipimo chake cha pH ni kama 6.7, na maji safi ni 7. Bakteria wakishaila sukari ya maziwa hutoa asidi ya laktiki, na kipimo kikishuka kufikia 4.6 hivi, protini ya maziwa hushikamana ikawa mabonge. Nenda Bunda, penye gereji za kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, na utakuta asidi ya salfuriki ndani ya betri za magari. Na kabla hujaondoka, kumbuka kwamba wewe mwenyewe umebeba tumboni asidi ya haidrokloriki, ambayo ndiyo inayokwangua koo unapopatwa na kiungulia.

Asidi zote hizo zina tabia moja. Mnamo mwaka 1884 kijana mmoja wa Sweden, Svante Arrhenius, aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Uppsala akidai kwamba chumvi na asidi zinapoyeyuka katika maji hupasuka vipande vyenye chaji ya umeme, yaani ioni. Maprofesa wake hawakumwamini sana na wakampa daraja la chini. Mwaka 1903 mtu huyo huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwa lugha tunayoitumia leo, asidi ni kitu chenye atomu ya haidrojeni ambayo kiko tayari kuiachia, ikiwa imevuliwa elektroni yake, ipokewe na maji au na besi. Ioni hiyo ya haidrojeni ndiyo inayotia uchachu ulimini, ndiyo inayokula chuma, na ndiyo inayoligeuza ua la rozela.

Sasa tuje kwenye nguvu. Chukua mabasi mawili yaliyoingia stendi ya Bunda, kila moja likiwa na abiria 100. Basi la kwanza linafungua mlango na abiria wote 100 wanashuka mara moja. Hakuna hata mmoja anayefikiri kurudi. Basi la pili linafungua mlango, na wakati wowote utakapohesabu utakuta mtu mmoja tu yuko chini. Si kwamba ni mtu yule yule. Huyu anashuka, yule anapanda, mwingine anachungulia na kurudi kitini. Lakini hesabu ya walio chini haibadiliki. Basi la kwanza ni asidi yenye nguvu. Basi la pili ni asidi dhaifu. Nguvu ya asidi, kwa hiyo, ni sehemu gani ya abiria wake imeshuka ikiwa katika maji. Haina habari na mabasi mangapi yameingia stendi.

Idadi ya mabasi ni jambo jingine, nalo tunaliita ukolezi. Asidi iliyokolea ni stendi iliyojaa mabasi; asidi iliyozimuliwa ni stendi yenye mabasi mawili matatu. Wapika pombe na wauza maziwa wanalijua vizuri neno kuzimua, wala hawahitaji kufundishwa na mwalimu wa Kemia. Basi asidi yaweza kuwa na nguvu na bado ikawa imezimuliwa sana, na yaweza kuwa dhaifu na bado ikawa imekolea vibaya.

Tutoe hesabu. Ukiyeyusha gramu 3.65 za haidrojeni kloridi katika lita moja ya maji, na mahali pengine ukayeyusha gramu 6 za asidi ya asetiki katika lita moja, utakuwa na idadi sawa ya molekuli katika vyombo vyote viwili. Katika chombo cha kwanza molekuli zote zimeachana na haidrojeni zake, na kipimo cha pH ni 1. Katika chombo cha pili ni kama molekuli 13 tu kwa kila 1,000 zilizoachana, na kipimo ni karibu 2.9. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, chombo cha kwanza kina ioni za haidrojeni karibu mara 75 zaidi ya cha pili. Ukiunga nyaya, betri na taa ndogo katika vyombo hivyo, taa ya kwanza itawaka sana na ya pili itafifia. Hilo ndilo jaribio ambalo shule nyingi hulionyesha, na ni jaribio zuri.

Lakini linganisha sasa limau na tumbo. Lita moja ya maji ya limau huwa na kiasi cha gramu 50 za asidi ya sitriki. Lita moja ya maji ya tumboni haizidi sana gramu 5 za asidi ya haidrokloriki. Limau lina asidi nyingi zaidi kwa mbali, lakini ni dhaifu. Kwa hiyo tumbo, pamoja na uchache wake, hulishinda au hulifikia limau kwa kipimo cha pH. Ama asidi ya asetiki isiyotiwa maji kabisa, ile ambayo huganda kama barafu ikipoa chini ya nyuzi 16.6 za Selsiasi, hiyo huchoma ngozi ikatoa malengelenge, huku vitabu vikiendelea kuiandika kwenye safu ya asidi dhaifu. Vitabu havikosei. Siki ya mezani ni asidi hiyo hiyo iliyozimuliwa mpaka ikabaki kama sehemu 5 katika 100.

Fundi wa betri naye ana lugha yake. Betri ikishuka chaji atakuambia, "Asidi imechoka." Akitumbukiza kipimo chake cha kioo ataona uzito wa maji yale umeshuka kutoka 1.27 hadi labda 1.15. Asidi ya salfuriki haikuchoka wala haikupoteza nguvu kwa maana ya Kemia. Sehemu yake imeingia katika bamba za risasi, na iliyobaki imezimuka. Ukiichaji betri, asidi hurudi majini. Kinachopotea kwa joto ni maji peke yake, na ndiyo sababu betri huongezewa maji safi yaliyotoneshwa kwa mvuke. Anayeongeza asidi kila mara anaikoleza betri mpaka bamba zake zinakufa kabla ya wakati.

Kwa nini abiria wa basi moja washuke wote na wa jingine wakatae? Hapa ndipo mwanafunzi hukariri orodha bila kuuliza, na mimi naona ni hasara kubwa, maana jibu lake ndilo lenye utamu. Mambo mawili hushindana. La kwanza ni jinsi atomu ya haidrojeni ilivyoshikwa. Chukua ndugu wanne: florini, klorini, bromini na iodini. Florini ni ndogo, na hushika haidrojeni kwa mkono mfupi usiolegea. Iodini ni kubwa, na mshiko wake ni wa mbali na umelegea. Kwa hiyo asidi ya iodini hushusha abiria wote, ya bromini vilevile, ya klorini vilevile, na ya florini peke yake hubaki katika safu ya dhaifu.

Jambo la pili ni hali ya basi baada ya abiria kushuka. Haidrojeni ikiondoka huacha nyuma chaji hasi, na chaji hiyo ni mzigo. Katika asidi ya salfuriki mzigo huo hugawanywa baina ya atomu kadhaa za oksijeni, kama robota la pamba linalobebwa na vijana kadhaa. Hakuna anayelemewa, hivyo hakuna haja ya kumwita abiria arudi. Katika asidi ya asetiki oksijeni ni mbili tu, na kando yake pana kikundi cha kaboni kinachozidi kuwasukumia mzigo. Ukizing'oa haidrojeni tatu za kikundi hicho na kuweka klorini tatu mahali pake, klorini huvuta sehemu ya mzigo upande wao, na ile asidi iliyokuwa mnyonge huwa na nguvu maelfu ya mara. Si lazima mtoto akariri tarakimu; inatosha aulize kila mara, mzigo umebebwa na nani?

Kuna mtego mmoja wa mtihani wa vitendo ambao huwaangusha wengi. Mwanafunzi anapewa mililita 25 za asidi ya haidrokloriki na mililita 25 za asidi ya asetiki, zenye ukolezi sawa, azisawazishe kwa sodiamu haidroksaidi. Anatazamia kwamba ile dhaifu itatosheka na matone machache. Haiwi hivyo. Zote mbili hunywa kiasi kile kile cha sodiamu haidroksaidi. Rudi stendi: yule mmoja aliyeshuka akichukuliwa na kupelekwa mjini, hesabu ya walio chini imeharibika, na mwingine hushuka kuijaza. Naye akichukuliwa hushuka wa tatu, hata basi likaisha abiria 100. Udhaifu huamua wangapi wako chini kwa wakati mmoja. Hauamui wangapi waliomo.

Haya ni mambo ya kujaribiwa kwa mikono. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, na pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, Azimio la Musoma lilisisitiza kwamba masomo na kazi vifungamane. Kwa Kemia ya asidi unaweza kulitimiza neno hilo kwa gharama ya vikombe vitatu. Chemsha maua makavu ya rozela, ambayo wengine huyaita choya, upate maji mekundu, kisha uyagawe. Kikombe kimoja kamulia limau: wekundu utang'aa zaidi. Kingine tia magadi kidogo: rangi itageuka kuelekea bluu na kijani. Cha tatu kiache kiwe cha kulinganishia. Waache watoto wabahatishe maziwa ya mgando, ukwaju, maji ya kisima, majivu na sabuni, kila kimoja kiende upande gani. Maganda ya mayai ndani ya siki yatatoa mapovu ya hewa ya kaboni mpaka yalainike, nalo ni somo la siku mbili bila kuwasha hata jiko.

Asidi ya betri isiguswe katika michezo hiyo. Nguo ya pamba ikidondokewa na siki, utaisuuza, au hata ukisahau, siki yenyewe huruka na kwisha. Asidi ya salfuriki hairuki. Maji yake hukauka, asidi hubaki ikizidi kukolea ndani ya nyuzi, na baada ya kufua ndipo ovaroli ya fundi hujitokeza ikiwa na matundu ambayo hakuyaona jana. Jambo hilo hilo huifika ngozi na jicho, lakini kwa haraka. Asidi ya betri isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano, hata ukiwa umeandika juu yake; mtoto wa miaka mitatu hasomi. Anayezimua asidi huimimina asidi polepole ndani ya maji mengi, wala hamimini maji ndani ya asidi, kwa sababu joto linalotokea huyachemsha maji yale machache yakamrukia usoni pamoja na asidi yenyewe. Ikimpata mtu, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha mpeleke hospitali. Akiimeza, usimtapishe, kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda.

Na asidi hiyo ya salfuriki haitoki kiwandani tu. Mawe mengi yenye dhahabu huwa na pairaiti, muungano wa chuma na salfa. Yakiwa chini ya ardhi hutulia. Yakichimbwa na kurundikwa juu, hewa na mvua huyafikia, bakteria husaidia, na salfa hugeuka kuwa asidi ya salfuriki inayotiririka ikibeba metali ilizoziyeyusha njiani. Mei 2009 maji ya asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe, na wananchi wa kando ya mto huo wakapaza sauti kuhusu mifugo na afya zao. Chokaa ndiyo dawa inayotumiwa mahali pengi duniani kuyatuliza maji ya namna hiyo, lakini chokaa haimrudishii mtu ng'ombe wake.

Hiyo ni hatari ya asidi yenye nguvu, na mtu hahitaji kushawishiwa sana aiogope. Ninalotaka kukushawishi, ndugu msomaji, ni kuiogopa dhaifu. Nimekwisha kutaja asidi ya haidrofluoriki, yule mnyonge wa ndugu wanne. Kwa kuwa molekuli zake nyingi hazikuachana, hazina chaji. Na kitu kisicho na chaji hupenya ngozi kwa urahisi kuliko ioni. Huzama mpaka kwenye nyama na mfupa, na humo ndani hunasa kalsiamu ya mwili hata moyo ukaweza kusimama, wakati mwingine bila jeraha kubwa la kuonekana mwanzoni. Bahati nzuri asidi hiyo haipatikani katika nyumba zetu nyingi.

Iliyomo shambani ni nyingine. Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini, ambacho ni sukari iliyofungwa pamoja na sianidi. Muhogo ukikatwa, ukitwangwa au ukivundikwa, kimeng'enya cha muhogo wenyewe hukutana na linamarini na kuivunja, na mwisho wa safari hutoka asidi ya haidrosianiki. Kwa kipimo cha nguvu, asidi hiyo ni dhaifu kuliko hata asidi ya kaboniki inayotoa mapovu katika soda. Katika maji ya kawaida, hata molekuli 1 kati ya 100 haiachani na haidrojeni yake. Mwanafunzi akiitafuta kwenye jedwali ataikuta chini kabisa, mahali pa unyonge. Nayo ni sumu inayozuia kila seli ya mwili kutumia oksijeni.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Rorya ya leo, watu walianza kupooza miguu. Hawakuugua siku nyingi. Mtu alilala mzima, na baada ya siku moja au chache miguu yake ilikuwa imekakamaa, magoti yakigongana, akitembea kwa ncha za vidole kama aliyefungwa kamba. Wengine hawakuweza kutembea kabisa. Waliopatwa zaidi walikuwa wanawake na watoto. Madaktari na wataalamu wa lishe walioufuatilia ugonjwa huo, baadhi yao wakiwa wa Hospitali ya Shirati, walichapisha uchunguzi wao mwaka 1990 katika jarida la kimataifa liitwalo Brain. Ugonjwa uliitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, ambao walikuwa wameupata na kuandikwa habari zao tangu miaka ya 1930. Msumbiji nayo ilikuwa imepigwa mwaka 1981, pia wakati wa ukame. Konzo haizidi, lakini pia haiponi: miguu iliyokakamaa mwaka ule ilibaki hivyo.

Chanzo kilikuwa mihogo michungu isiyosindikwa vya kutosha, pamoja na mlo usio na kitoweo. Mwili una njia yake ya kuituliza sianidi, nayo huhitaji salfa itokanayo na protini za samaki, nyama, maziwa na mayai. Wakati wa njaa hivyo ndivyo vya kwanza kutoweka. Na njaa hiyo hiyo ndiyo inayomfanya mama afupishe siku za kuvundika, maana watoto hawawezi kungoja. Mimi sioni namna ya kumlaumu. Bibi zetu wa kandokando ya ziwa hawakulijua neno haidrosianiki, lakini walijua udaga unataka siku ngapi, na ukame ndio uliowanyang'anya siku hizo.

Hapa ndipo lile jambo la kuruka na kutoruka linaporudi. Asidi ya haidrosianiki huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi, joto la asubuhi ya kawaida Musoma. Kwa kuwa ni dhaifu, karibu yote iko katika umbo la molekuli nzima isiyo na chaji, na kitu kisicho na chaji huruka kutoka majini. Ingekuwa asidi yenye nguvu, ingejifunga katika maji kama ioni, na jua la siku nzima lisingeitoa. Udhaifu ule ule unaoiwezesha kupenya mwilini ndio unaotuwezesha kuifukuza katika unga, mradi iwe imekwisha kuachana na linamarini. Ndiyo maana kuanika mizizi mizima peke yake hakufai kwa muhogo mchungu: nyama yake hukauka kabla kimeng'enya hakijaifikia linamarini yote, na sumu hubaki imefungwa ikingoja tumbo la mlaji. Kumenya, kuloweka au kuvundika kwa siku tatu au zaidi mpaka muhogo ulainike, kuponda, kisha kuanika, huifungulia mlango.

Ikiwa unga umekwisha kusagwa na unautilia shaka, pana njia iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na kutumiwa vijijini Kongo kuuzuia ugonjwa huo. Tia unga katika bakuli na uweke alama mahali ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Utaona unga unashuka kwanza, kisha unapanda. Ukirudi kwenye ile alama, acha kutia maji. Utandaze unga huo mbichi juu ya mkeka au sinia, safu isiyozidi sentimita moja, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, nje penye hewa, si jikoni. Kimeng'enya kilichobaki kitamaliza kazi yake, na asidi itaruka. Watoto wacheze mbali na mkeka huo, na ugali upikwe siku hiyo hiyo, pamoja na dagaa.